Maini Yenye Kuta

Oktoba 3
Naandika mimi Nedyalko Karadzhov, mpaka rangi, wa mtaa wa Kyuchuk Paris, mji wa Plovdiv. Shule nilisoma madarasa manne, na lile la nne nilikuwa shambani zaidi kuliko darasani. Lakini mjukuu wangu Zornitsa ameanza chuo kikuu, anakaa kwangu, na kila jioni anaandika. Nikasema, kama mtoto wa miaka kumi na tisa anaweza kuandika kila siku, mimi niliyepaka rangi nusu ya mji huu nitashindwaje? Atakayeona makosa ya herufi ayapite.

Anasomea biolojia. Somo gumu ni la seli na tishu. Seli ni kama vyumba, mwili umejengwa navyo. Nimemwambia mambo ya vyumba aniulize mimi. Akasema, "Haya, Babu."

Oktoba 4
Ukungu. Nimechoma pilipili hoho za kuweka kwenye makopo.

Oktoba 10
Leo ameleta albamu. Ni daftari kubwa la karatasi nene, halina mistari. Kila kipindi wanapewa kioo chembamba chenye kipande cha mwili au cha mmea kilichotiwa rangi, wanakiweka chini ya hadubini, wanachora. Penseli ni mbili tu, zambarau na waridi. Zambarau ni ya kiini cha seli, waridi ni ya vilivyobaki. Mwalimu akiridhika anatia sahihi chini ya mchoro. Asiye na sahihi zote ikifika katikati ya Januari haingii kwenye mtihani, anarudia mwaka.

Nikauliza ni nani huyo mwenye sahihi ya dhahabu. Anaitwa Gerginova. Zornitsa anasema ni kibibi kifupi, mafua hayamtoki, anapita nyuma ya migongo yao akisema neno moja tu: "Chora unachokiona."

Nikatazama mchoro wa kwanza, ganda la kitunguu. Nilicheka mpaka nikakohoa.

"Zori, hiki ni kitunguu au kuku aliyekanyagwa na gari?"

"Ndivyo nilivyokiona, Babu."

"Basi hiyo hadubini ina uchafu."

Oktoba 19
Binti yangu Temenuga, mama yake Zornitsa, amepiga simu kutoka Hispania. Anachuma stroberi huko Huelva mwaka wa sita huu. Ananiambia mimi, si mtoto: "Baba, nimempa mwaka mmoja. Akifeli asinipotezee mwingine, apande basi aje huku. Kazi ipo."

"Mtoto wa ukoo wetu afeli?"

"Mimi nilifeli, Baba."

"Wewe ulimfuata baba yako wa ubatizo, yule alikuwa mjinga."

Kakata simu.

Oktoba 30
Amekuja rafiki yake wa darasani, Siyana, msichana mrefu anayekula kama mkata kuni. Wamesoma jikoni mpaka mahindi ya kuchemsha yakaisha. Darasani leo walichomana sindano vidoleni watazame damu yao. Mvulana mmoja, jitu zima, alizimia kabla sindano haijamgusa.

"Babu, na wewe tukuchome?" Siyana akauliza.

"Damu yangu mtaitazama bila hadubini. Kila seli yangu ni kubwa kama sarafu."

"Kubwa kama maneno yako, Babu."

Nimempa kipande kingine cha mkate. Anajua kujibu.

Novemba 6
Mvua. Paa la banda linavuja.

Novemba 7
Mvua.

Novemba 14
Kuna jaribio kesho, na albamu imebaki nyuma michoro minne. Mtoto alikuwa anasoma kwa mdomo na kuchora kwa mkono, vyote viwili vibaya. Akasema, "Babu, hebu nitilie rangi tu. Mistari nimeshaweka. Zambarau kwenye viini, waridi kwingine. Usiongeze kitu."

Sikuongeza kitu. Lakini mtu aliyepaka kuta kwa rola inayochapa maua kwa miaka arobaini, ua likaketi juu ya ua, hawezi kuacha duara limepinda. Niliyanyoosha kidogo. Ngozi ya ndani ya utumbo ilitoka safi, seli zimesimama foleni kama askari wa gwaride.

Novemba 21
Sahihi nne kwa siku moja! Zornitsa anasema Gerginova alitazama muda mrefu kisha akatia sahihi bila neno. Nani kazipata? Nimekwenda kwa jirani Spas kumweleza.

"Kwa hiyo sasa unasoma chuo kikuu," Spas akasema.

"Nasaidia chuo kikuu."

Novemba 29
Nimetia rangi misuli na gegedu. Gegedu ni ile inayotafunika kwenye sikio la nguruwe. Nimeipanga vizuri.

Desemba 5
Leo maini. Zornitsa alirudi na mchoro wa maini, akaangukia kitandani na viatu. Nikaufungua. Jamani. Uji wa waridi umemwagika, vinukta vya zambarau vimetupwa popote. Hakuna mwanzo, hakuna mwisho.

Maini nayajua mimi. Kila Desemba tangu nilipoacha kunyonya nimekuwa kwenye kuchinja nguruwe. Ukiosha ini la nguruwe ukalielekeza kwenye mwanga, unaona juu yake vyumba vidogo vidogo, kila kimoja kina kona na kuta zake nyeupe, kama sakafu ya vigae. Mtoto hakuviona kwa sababu alikuwa na usingizi. Nikafuta uji wake. Nikachora vyumba, kuta kwa rula, ndani ya kila kimoja viini vimepangwa kama miale ya jua. Saa tatu nzima. Ni mchoro mzuri kuliko wote niliowahi kufanya kwa penseli. Kidogo nitie jina langu.

Naongeza leo tarehe sita: asubuhi alikuwa amechelewa, akabana albamu kwapani akakimbia bila kuifungua.

Desemba 9
Karudi mapema. Hakuvua koti. Siyana alikuwa nyuma yake, na Siyana hakuangalia sahani.

"Babu, maini uliyachora wewe?"

"Unapenda?"

Akaketi. Siyana ndiye aliyesimulia. Gerginova alifika kwenye ukurasa huo, akavua miwani, akaivaa tena. Akasema mbele ya wote, "Haya ni maini ya nguruwe. Kioo chetu ni cha binadamu. Kwenye kioo chetu hakuna hata ukuta mmoja wa hivi." Kisha akarudi nyuma kwenye utumbo, gegedu, misuli, kila mahali mkono wangu ulipopita. Akachukua kalamu nyekundu akazikata sahihi zake zote, hata za michoro aliyochora mtoto mwenyewe, maana sasa hajui upi ni upi. Akamuuliza aliyechora ni nani. Zornitsa akasema, mimi, nimenakili kitabuni.

"Babu umemwekea binadamu maini ya nguruwe," Siyana akasema. "Hata madaktari wa mji mkuu, Sofia, hawajaweza."

Sikucheka. Nikasema huyo kibibi macho hana. Ini ni ini.

Zornitsa akasema polepole, "Sina hata sahihi moja, Babu. Mwezi mmoja umebaki. Mama ananingoja na basi."

Desemba 10
Hajasema nami.

Desemba 12
Nimekaanga mayai na jibini. Amekula. Hajasema nami.

Desemba 15
Ukungu, huoni hata geti. Amesema, "Nipitishie chumvi."

Desemba 20
Nilikwenda kijijini kwa ndugu yangu, tumechinja. Nguruwe wa kilo mia na sitini. Nilimnyang'anya ndugu yangu ini likiwa bado la moto, nikaliosha, nikalielekeza juani. Kuta! Vyumba kila kona, vilevile nilivyochora. Nikawaita wote watazame. Mke wa ndugu yangu akasema, "Tunaona, Nedyalko, ni ini, lete tupike."

Nimekata kipande nikatia kwenye chupa ya kuwekea pilipili. Keshokutwa yule mwanamke ataniona.

Desemba 22
Nilivaa suti. Chupa nikaizungushia gazeti. Mlinzi wa mlangoni akauliza naenda wapi, nikasema nina ushahidi, akanionyesha ngazi.

Chumba chao kina harufu ya dawa inayochoma macho, na hadubini zimepangwa madirishani kila moja na kifuniko chake kama ndege waliolala. Gerginova alikuwa peke yake, shali shingoni, anakunywa chai ya mlimani. Ni mfupi kweli. Pua nyekundu.

"Mwalimu," nikasema, "mimi ni babu yake Zornitsa. Yale maini nimeyachora mimi, na nimekuja kukuonyesha kwamba yako sawasawa."

Akaweka kikombe chini. "Umeyachora wewe?"

"Kwa mkono huu."

"Zornitsa aliniambia kachora mwenyewe. Kutoka kitabuni."

Hapo mtu mwingine angefunga mdomo. Mimi nikasema, "Yeye? Yeye hawezi kuchora hata yai."

Maneno yalipokwisha kutoka ndipo nilipoyasikia. Nikafungua chupa haraka, nikaona tukizungumza maini mengine yatapita. Alilitazama lile ini karibu na dirisha, akalizungusha.

"Umechora hili hasa," akasema. "Umelichora vizuri sana, mzee. Ndiyo maana nilijua. Nguruwe kuta zake zinaonekana hata kwa macho matupu. Binadamu hana."

"Binadamu gani? Labda wenu huyo alikuwa mgonjwa."

"Ambaye angekuwa na kuta kama zako ndiye angekuwa mgonjwa. Maini yake yangekuwa yameoza kwa pombe ya rakia."

Akavua kifuniko cha hadubini moja, akaweka kioo, akavuta kiti. "Karibu. Tazama."

Kwanza niliona kope zangu mwenyewe. Akanifundisha jinsi ya kushusha kichwa na kuzungusha gurudumu. Kisha ikaja. Waridi kila mahali. Viini vya zambarau kama ufuta umemwagwa. Nikatazama mpaka shingo ikauma. Polepole nikaona kuna tundu, na safu zinatoka kwenye tundu kwenda kila upande, lakini zinapinda, nyingine zinakatika, nyingine zinaungana na za jirani, na huwezi kusema chumba hiki kinaishia hapa.

"Chumba kinaishia wapi?"

"Hapana ukuta wa kukuambia. Inabidi ukadirie mwenyewe."

"Nani kajenga hivi? Fundi huyu ningemfukuza."

Alicheka, kikohozi kikamshika. Akanipa karatasi na penseli zile mbili. "Chora basi. Unachokiona."

Nilichora. Nilijitahidi kuliko siku niliyopaka dari la kanisa la kijijini. Nikampa. Akaweka kidole mahali. Nikaangalia. Nilikuwa nimetia ukuta. Kwenye kioo sikuuona, sijui ulitoka wapi, mkono ulikwenda wenyewe.

"Wote hufanya hivyo," akasema. "Wanachora walichokuja nacho. Nina miezi mitatu tu ya kuwatoa huko. Atakayetoka hapa akitazama kioo cha mgonjwa na kuona kilichoko kitabuni, atamuua mtu."

Nikasema sawa, lakini nguruwe kajengwa vizuri zaidi.

"Mzee, msichana amenidanganya usoni. Natakiwa nipeleke jina lake kwa mkuu wa kitivo."

"Niandike mimi. Ni mimi niliyechora."

"Wewe si mwanafunzi wangu."

Nilisimama pale na kofia mkononi. Nikamwambia nina soseji za nyumbani, zitakuwa zimekauka Februari. Akaniangalia hata nikatamani kukimbilia ngazi.

"Mwambie aje kesho saa mbili. Mwenyewe. Na hilo ini," akanisukumia chupa, "likaange na kitunguu."

Jioni
Nimemwambia Zornitsa yote. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele.

"Nilikuwa nimekuficha, Babu," akasema. "Nilidanganya ili asijue ni wewe. Na wewe ukavaa suti ukaenda kujitangaza."

Ini sikulikaanga. Nimempa paka wa Spas.

Desemba 23
Karudi saa nane. Gerginova hakupeleka jina. Badala yake: albamu mpya, michoro yote kuanzia wa kwanza, ndani ya maabara, akiwa ameketi mbele yake. Albamu haitoki, penseli hazitoki. Mwisho ni tarehe kumi na sita Januari. Ukikosekana mchoro mmoja, hakuna mtihani.

"Na sikukuu?" nikauliza.

"Mwalimu atakuja hata sikukuu. Kasema kule kuna joto zaidi kuliko nyumbani kwake."

Nilidhani atamkomoa tu. Sasa sijui. Mtu anayetaka kumkomoa mwingine haji kazini sikukuu.

Desemba 25
Kabichi na nyama ya nguruwe. Temenuga kapiga simu. Basi la Huelva linaondoka mwisho wa Januari, ameshazungumza na msimamizi, nafasi imewekwa. Zornitsa akamjibu, "Sawa, Mama." Nilingoja aseme neno jingine. Akachukua uma.

Desemba 27
Kaenda maabara.

Desemba 28
Kaenda. Theluji kidogo, imeyeyuka.

Januari 3
Kaenda. Nimepeleka supu ya maharage mpaka getini. Mlinzi akasema, "Leo ushahidi wako ni wa moto." Kachukua yeye kumpelekea. Imerudi sufuria tupu, wamekula wawili: Zornitsa anasema Gerginova aliomba kijiko.

Januari 6
Baridi kali. Ni sikukuu ya Ubatizo, vijana wamerukia mtoni kugombea msalaba uliotupwa na kasisi. Zamani nilikuwa naruka mimi. Zornitsa macho mekundu kama sungura.

Januari 9
Ameanza kuzungumza. Nilikuwa namenya viazi, akaketi akachukua kisu cha pili.

"Leo nimemaliza misuli. Ina mistari, Babu, midogo, inakatiza."

"Imenyooka?"

"Mingine."

"Mingine?"

"Babu."

"Nimeuliza tu."

Tukamenya. Halafu akasema siku ya kwanza ya muhula alikaa saa nzima anaangalia kiputo cha hewa akidhani ni seli, na akakichora, na akakitia rangi. Na sasa anakijua kiputo kikiwa mbali. Alisema hivyo kama mtu anayesema amejifunza kuogelea.

Januari 12
Seli ya neva imerudishwa mara mbili. Gerginova anasema tawi moja kalitunga.

"Si uchore tu inavyopaswa kuwa," nikasema.

"Nikichora inavyopaswa kuwa nafukuzwa."

Nikaenda kukata kuni. Kuni zilikuwepo za kutosha.

Januari 13
Ukungu. Neva imerudishwa.

Januari 14
Siyana alikuja, akaketi peke yake akimngoja Zornitsa. Nikamuuliza atawahi? Akasema, "Yule sasa anaona kuliko sisi, Babu. Tatizo ni mkono, unakwenda kama konokono." Nikamwuliza kama mtu anaweza kumshikia penseli tu, bila kuisogeza. Akanitazama. Nikasema natania.

Januari 16
Nilikaa dirishani toka mchana. Ukungu ulikuwa mzito, nikasikia viatu kabla ya kumwona. Alikuwa na albamu kwapani. Albamu inatoka sasa, maana yake imekwisha.

Neva ilitiwa sahihi saa kumi jioni, dakika za mwisho, mwalimu amevaa koti, ufunguo mkononi.

Nilinawa mikono, nikaifungua juu ya meza. Michoro mibaya. Mtoto anabonyeza penseli mpaka karatasi inabonyea upande wa pili, na duara hajui. Nilifungua moja baada ya nyingine. Hakuna seli mbili zilizofanana. Kwenye maini kuna tundu, na safu zinapinda, na huwezi kusema chumba kinaishia wapi. Ndivyo nilivyoona mimi mwenyewe kule dirishani, na sikuweza kuyaweka kwenye karatasi.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia waridi kaitumia nyingi.

Januari 20
Anasoma.

Januari 24
Anasoma. Temenuga kauliza kama begi liko tayari.

Januari 28
Mtihani. Kwanza vioo vitano bila majina, uvitambue. Ukikosa viwili unaondoka hapohapo. Ukivuka, unakwenda kujieleza kwa mdomo mbele ya Gerginova na mwenzake. Alama ya juu ni sita, mbili ni kufeli.

Aliondoka bila kula. Nilifagia uani. Nilifagia mbele kwa Spas pia, akatoka kuuliza kama ninaumwa.

"Mjukuu wangu yuko kwenye mtihani. Atapata sita."

"Na akipata mbili?"

"Kwenu ndiko wanakopata mbili."

Alirudi giza linaingia. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, akavua kiatu kimoja, akasahau kingine.

"Vioo vinne kati ya vitano," akasema. "Mmoja mbele yangu alikosa vitatu, akaenda analia. Mimi cha tatu sikukijua kabisa, sijapata kukiona. Nikataka kuandika figo, maana kilifanana na figo ya kitabuni. Nikatazama tena, haikuwa figo. Nikaandika sijui ni nini, nikaandika ninachokiona. Mwalimu akasoma akasema hili ndilo jibu lako bora leo. Lakini alama hakunipa."

"Kwa hiyo?"

"Nne, Babu."

"Nne? Kati ya sita?" nikasema. "Mwezi mzima sikukuu zote mmekaa kule, kala na supu yangu, anakupa nne? Nitakwenda kumwona."

"Babu, ukivaa hiyo suti nakufungia ndani."

Akachukua simu. Iliita mara nyingi, huko wako shambani mpaka jua lizame. Nikasikia sauti ya binti yangu, ndogo, mbali, inauliza.

"Nne, Mama," Zornitsa akasema. "Hapana, nne ni kufaulu. Mwambie msimamizi nafasi ampe mtu mwingine." Akasikiliza. "Ndiyo, nina hakika. Nabaki hapa kwa Babu."

Nilibeba ndoo ya majivu nikatoka nje kuimwaga. Ilikuwa na majivu kiganja kimoja tu. Nilisimama uani nikaitikisa muda mrefu.